Kumchagulia Nasra Bastola

Mlinipa keki na saa ya ukutani. Keki tuliimaliza siku ile ile, na saa nimeitundika jikoni, ingawa sijui mtu aliyestaafu ana haja gani ya kutazama saa. Kisha Yahya, kocha wetu mkuu, akaniomba niandike ninachokikumbuka cha chumba cha silaha, kwa faida yenu mnaobaki. Nadhani alitaraji kurasa mbili za nasaha. Yahya hajui kinachotokea mwanamke wa asili ya Unguja akipewa nafasi ya kusema bila ya mtu kumkatiza.

Vyeo sitavitaja. Nilivyopata mnavijua, na nilivyokosa vimeshanisahau. Nitaanza pale nilipoanza mwenyewe, nikiwa binti aliyemaliza skuli juzi, wazazi wangu wamerudi Maskati na masanduku yao na Kiswahili chao, na Kiarabu changu kikichekwa kila nikifungua mdomo. Niliingia katika kitengo cha wanawake cha kazi ya ulinzi. Wenzangu walipelekwa getini, ofisini na kwenye upekuzi. Mimi nilikuwa mfupi, sina sauti ya kuamrisha mtu, kwa hiyo wakanitupa chumba cha silaha kusafisha bastola. Walidhani wananificha. Nilikaa huko maisha yangu yote ya kazi na sikujuta hata siku moja.

Bwana wa chumba kile alikuwa Mzee Murad, Mbalushi mwembamba mwenye meza ndefu, taa ya kuinama na hasira za asubuhi. Kiswahili alikiokota kwa watu wetu kambini, akakichanganya na Kiarabu na Kibalushi chake, na matusi alikuwa nayo ya lugha zote tatu. Siku yangu ya mwanzo hakunisalimu. Aliniwekea mbele bastola iliyofunguliwa vipande vipande.

"Weka mikono nyuma," alisema. "Nusa."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa wageni.

"Nusa, binti! Jicho linaona haya. Pua haina adabu, inasema kweli."

Nikainama nikanusa. Chini ya harufu ya mafuta ya bunduki palikuwa na kitu kingine ninachokijua. Nikamwambia, kwa aibu, kwamba nasikia kitunguu thomu.

"Ya askari wa jikoni," alisema Mzee Murad, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Anapika, kisha anaishika. Kaa."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kwa kweli, ingawa karatasi zilikuwa zimeshasainiwa. Alinifundisha kwamba fulana kuukuu ya pamba inafuta vizuri kuliko kitambaa chochote cha dukani, kwamba mswaki wa meno ukichakaa ndio kwanza unakuwa chombo, na kwamba mafuta mengi ni uchafu kama uchafu mwengine. Zaidi ya yote alinifundisha neno moja nililolisikia mpaka nikawa nikiliota: uliza silaha kwanza, mtu baadaye.

Nilifahamu maana yake siku alipoletwa mlinzi mmoja, kijana mpole, ambaye bastola yake ilikuwa ikikwama kila akienda mazoezini. Mkuu wake alikuwa ameshaamua kwamba kijana anaogopa mshindo, na barua ya kumhamishia kwenye kufungua na kufunga geti ilikuwa njiani. Kijana alisimama mbele ya meza yetu amekauka midomo. Mzee Murad hakumuuliza kitu. Alitoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akaivuta springi, akaninyooshea. Nikanusa. Tende! Kijana alikuwa akiweka tende zake za kufungulia kinywa katika mfuko ule ule wa magazini ya akiba, na utomvu wake ulikuwa umeingia kila pahala. Mzee Murad alimwambia tende ziende mfuko wa kushoto, na hadithi ikaishia hapo. Yule kijana leo ana wajukuu, na kila Idi hunitumia salamu za sauti ndefu kupita kiasi.

Miaka ikaenda. Mzee Murad alirudi kwao, akaniachia mswaki wake wenye mpini wa kijani, na baadaye mimi nikahamia hapa klabuni kwenu, kwenye mchezo wa shabaha za vitendo. Kwa wale wapya kabisa ambao bado mnadhani mmejiunga na mchezo wa kusimama na kulenga: hapana. Mlio ukilia unachomoa bastola katika ala kiunoni, unakwenda mbio, unapiga makadi huku na vyuma kule, unabadilisha magazini ungali unatembea, na alama zako zinagawanywa kwa muda uliotumia. Ni mchezo wa miguu, macho na kichwa. Kidole kinakuja mwisho.

Na hapa klabuni ndipo nilipokutana na bastola za vidonge, zile vijana wanazoziita airsoft. Kasha la kwanza lilipofika, kwa kibali na mihuri yake yote, nilifungua nikacheka. Vitu vina umbo la bastola, vinarusha vidonge vya plastiki vidogo kama punje za mtama. Nilisema nimeishi mpaka nimekuwa mlinzi wa vitu vya kuchezea. Lakini kazi ni kazi, nikazifungua zote moja moja mezani kuona zinavyofanya kazi, na nilipomaliza nilikuwa sicheki tena. Aliyezitengeneza alikuwa hachezi.

Faida yake niliijua vizuri zaidi kwa sababu ya Nasra, na yeye ndiye niliyekusudia kuwaandikia tangu mwanzo. Haya mengine yalikuwa kahawa ya kumkaribisha mgeni.

Nasra anafanya kazi benki huko Ruwi, ni mwanamke wa makamo ya thelathini na kitu, na alikuwa mpiga shabaha wetu bora wa upande wa wanawake. Sitii chumvi. Sasa, mtu huyu aliyekuwa akiruka vizuizi na bastola mkononi bila ya kujikwaa, alianguka kwenye ngazi za ukumbi wa harusi kwa sababu ya viatu virefu. Mkono wa kuume ukavunjika kwenye kifundo. Madaktari wakamtia chuma, wakamwambia teke la bastola ya kweli haliruhusiwi mpaka mfupa ushike barabara. Na majaribio ya kuchagua timu yalikuwa yanakuja.

Mkono wa mpiga shabaha hauna tofauti na mkono wa mpika mandazi. Ukikaa miezi bila ya kukanda, unasahau kiasi cha maji. Nasra alilijua hilo, na alikuja chumbani kwangu akakaa kwenye kiti cha plastiki akalia. Alisema tangu baba yake afe, pahala pekee anapojihisi ni mtu wake mwenyewe ni pale mlio unapolia. Mimi si hodari wa kumbembeleza mtu. Nilimpa chai, nikaenda kwa Yahya.

Yahya ni mtu wa haki, na nasema hivyo akijua kwamba nitamsema vibaya kidogo mbele. Alikubali Nasra afanye mazoezi kwa bastola ya vidonge. Sharti lake lilikuwa moja: siku ya majaribio aanze na bastola hiyo hiyo katika ukumbi wa klabu, mbele ya wote. Mkono ukionekana umetulia, wiki ya pili atapewa ya kweli. Ukionekana haujapona, nafasi yake inakwenda kwa mwengine, na asilaumiwe mtu. Majaribio yenyewe yaliangukia mwezi wangu wa mwisho kazini. Nilijua nikishaondoka hatakuwapo wa kumsemea.

Basi tukachagua bastola. Niliziweka zote juu ya meza, na Nasra, kama kila mtu, alikwenda moja kwa moja kwenye ile yenye rangi ya dhahabu.

"Hii nzuri, Bi Zuhura."

"Nzuri ya kuendea harusi. Na harusi tumeshaona zilivyokufanya."

Alicheka, nikashukuru. Ile ya springi niliiondoa kwanza, maana inataka kuvutwa kwa mkono kila kidonge, na mchezo wetu hauna nafasi hiyo. Ya betri nikaiondoa ya pili. Haina gesi ya kuvuja, lakini sehemu yake ya juu, slaidi, haiendi nyuma ikarudi, na triga yake ni kama kubonyeza kengele ya mlango. Mtu akifanya mazoezi nayo miezi, atakuwa hodari wa kubonyeza kengele. Zikabaki aina mbili: ya kartuchi ndogo za hewa kali, na ya gesi ya kawaida inayotiwa ndani ya magazini.

Yahya, ambaye huniita khalti, yaani mama mdogo, aliingia wakati huo huo na akaipenda ya hewa kali.

"Khalti Zuhura, chukueni hii. Gesi ile nyengine itakufa ukumbini. Kiyoyozi cha kule kinagandisha maji."

"Hiyo yako inapiga teke, Yahya. Tunakimbia teke, kisha tulifuate?"

"Teke dogo tu."

"Mkono mgonjwa haujui dogo. Magazini atayaweka mfukoni, yapate joto la mwili."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Za gesi zilikuwa tatu, basi nikamfunga Nasra macho kwa mtandio wake mwenyewe. Nikamwambia ainue bastola kuelekea saa iliyo ukutani, kisha nikaufungua mtandio. Ukifungua macho ukaona alama ya kulengea imekaa pahala pake bila ya kuitafuta, mpini huo ni wako. Ya kwanza ilitazama dari. Ya pili ilitazama mlango. Ya tatu, nyeusi, haina urembo hata kidogo, ilikaa katikati ya saa. Nikaipima kwenye mizani ya jikoni niliyokuwa nayo kwa kazi hizo, ikiwa na magazini yake, pembeni ya bastola yake ya kweli. Uzito karibu sawa. Nikaitia katika ala yake ya siku zote, ikaingia na kutoka bila ya kugoma. Triga ilikuwa na pahala pake pa kukaza kabla ya kufyatua, kama ile ya kweli. Ndiyo tuliyoichukua. Mkitaka nasaha yangu yote kwa ufupi, ni hiyo: usichague bastola ya mazoezi inayokufurahisha. Chagua inayokukumbusha yako.

Ikabaki ruhusa ya nyumbani. Klabu ilimpatia Nasra kibali cha kuiweka katika sanduku la kufuli, lakini nyumba ni ya mama yake, na kibali cha Bi Salma hakitolewi na ofisi yoyote. Nikaenda mwenyewe mtaani kwao, Madinat Sultan Qaboos, nikapokewa kwa kahawa na halua na khabari za watu wote waliokufa mwaka ule. Nilipolitaja sanduku, kikombe kikarudi mezani.

"Bunduki haingii nyumbani kwangu, Bi Zuhura."

"Inarusha vidonge vya plastiki, Bi Salma. Ni ya mazoezi."

"Sura yake?"

"Sura ni ile ile."

"Basi haingii." Akavuta mtandio. "Mimi nlikuwa mtoto Unguja, siku za mapinduzi, walipoingia kwetu na bunduki. Baba alisimama mlangoni kwa shuka yake ya kulalia, akawambia humu mna watoto. Wakatoka naye. Sikumuona tena. Sasa mwanangu anataka kunletea mwenyewe, kwa miguu yake?"

Watu wa umri wetu, karibu kila nyumba ina kitu cha namna hiyo, na hakizungumzwi sana. Nilitaka kuaga. Lakini Nasra alikuwa amesimama mlangoni na mkono wake umefungwa kifuani, na nadhani mama yake aliuona uso wake kama nilivyouona mimi. Mwisho Bi Salma alitoa hukumu: itakaa chumba cha darini, kile cha zamani cha kuanikia nguo. Ikipita barazani ipite ndani ya sanduku, na sanduku lifunikwe kanga. Yeye asiione.

Ikawa hivyo. Kila jioni Nasra alipanda darini kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, joto la kuoka mkate, akachomoa na kulenga na kupiga makadi aliyoyabandika ukutani. Kisha alishuka, na mama yake akamchua mkono kwa mafuta ya nazi ya moto moto, yale anayoletewa kutoka Unguja. Nasra alikuja klabuni ananukia nazi mpaka wenzake wakamwita kashata.

"Mama haniulizi kitu," aliniambia. "Ananchua tu. Haniulizi."

Siku nyengine akasema, "Jana alikuja mpaka ngazini. Akasema, hicho kitu chako mbona kinalia?"

"Inalia kweli?"

"Vumbi la darini, Bi Zuhura. Slaidi inasaga kidogo. Ntaisafisha."

Nilimpa kichupa cha mafuta ya silikoni, nikamrudia neno la siku zote: bastola ya vidonge ina raba ndani na haili mafuta mengine. Tone moja tu. Alisema amefahamu, na alikuwa amefahamu. Sikuwaza kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mwengine anayeisikia ikilia.

Siku ya majaribio tulikuwa katika ukumbi wetu wa Rusayl, lile ghala la zamani lililotiwa kiyoyozi kikubwa kuliko haja yake. Yahya hakutia chumvi, mle ndani mtu anaweza kuhifadhi samaki. Nilikuwa nikipanga vifaa vyangu mezani nikaona mlango unafunguka, anaingia Nasra, na nyuma yake Bi Salma, abaya nyeusi, mkoba mkononi. Nilisahau hata kumsalimu. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango, akauweka mkoba mapajani, akautazama ukuta.

"Amesema ataka kuona mkono tu," Nasra alininong'oneza. Alikuwa na furaha na hofu kwa pamoja. "Na jana nimepiga vizuri, Bi Zuhura. Bastola ilikuwa laini, hailii tena."

Nilifurahi kusikia hailii tena. Sikuuliza kwa nini.

Zamu yake ikafika. Yahya alimuuliza kama yuko tayari, mlio ukalia, na ule mkono ukashuka na kupanda kama miaka yote. Kadi ya kwanza, ya pili, chuma kikaanguka. Moyo wangu ulitua. Kisha slaidi ikarudi pole pole, kama mzee anayeinuka kitini, ikakwama katikati. Nasra akaivuta kwa mkono, ikamgomea, akaivuta tena kwa nguvu, na nikaona uso wake umekunjamana na kifundo kinatetemeka. Alipiga kidonge kimoja kikaanguka njiani. Ikakwama tena.

"Simama," alisema Yahya. "Toa magazini. Onesha bastola tupu."

Alitoa, akaonesha, akairudisha katika ala. Yahya alimkaribia, na namshukuru kwamba aliishusha sauti.

"Pole, Nasra. Mkono bado. Tumeona sote unavyotetemeka."

Macho ya Nasra yalijaa, akayainua juu ili yasimwagike mbele ya watu, na mimi niliona uchungu ambao sikuuona hata siku alipovunjika. Nyuma kule Bi Salma alikuwa ameshasimama.

Hapo nikamsikia Mzee Murad kichwani mwangu, na matusi yake ya lugha zote tatu.

"Yahya," nilisema, "bado hatujaiuliza bastola."

"Khalti, mkono ndio..."

"Silaha kwanza, mtu baadaye. Niletee."

Niliifungua mezani mbele yao. Ndani, kwenye reli za slaidi na kuzunguka kile kipande kinachosukumwa na gesi, kulikuwa na kitu cheupe kimeganda, kama wali wa nazi uliolala kwenye friji. Gesi ikitoka inapoza chuma, na ukumbi wenyewe barafu. Kilichokuwa maji kule darini kilikuwa saruji hapa. Niliweka mikono nyuma, nikainama, nikanusa. Pua haina adabu. Nilijua ni nini, na nilijua kichupa kinakaa nyumba gani.

Nilinyanyua uso nikakutana na Bi Salma ameshafika mezani.

"Kuna nini, Bi Zuhura?"

"Imeganda, Bi Salma. Imetiwa mafuta ya nazi."

Nasra aligeuka. Bi Salma alishika ukingo wa meza.

"Nliyatia mimi," alisema.

"Wewe, mama? Uliishika?"

"Jana, uliposhuka kusali alasiri ukaacha sanduku wazi. Kila siku nnaisikia inalia huko juu, na wewe unaikokota kwa mkono ule ule nnaouchua. Nkasema yaliyoufaa mkono yataifaa na hiyo. Nkapiga Bismillahi nkaipaka, macho nimefumba nusu." Akamgeukia Nasra. "Nimekuharibia, mwanangu?"

Nasra alimkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, na ule mwengine, mgonjwa, akaufunika uso wake mwenyewe. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani na yeye hakujua. Mwanamke aliyekuwa hataki hata kuliona sanduku alikuwa amepanda ngazi peke yake na kichupa chake, akaipaka bastola ile kama anavyompaka mtoto.

Yahya alijikohoza. Macho yake yalikuwa mekundu, akisema ni kiyoyozi.

"Kanuni inaruhusu chombo kitengenezwe," alisema. "Atapiga wa mwisho. Lakini, khalti, itayeyuka vipi humu?"

"Humu haiyeyuki. Jua la Rusayl tunalilipia kodi ya nini?"

Nilivibeba vipande nje, bila ya magazini wala kidonge, mpaka penye ukuta wa karakana ya jirani. Jua lilikuwa kali la saa tano za asubuhi. Nilitaka kuviweka juu ya boneti ya gari, Bi Salma akanyoosha mikono.

"Nipe. Nlitia mimi, ntaitoa mimi."

Nikampa slaidi. Aliishika katikati ya viganja viwili, akasimama juani na abaya yake nyeusi. Polepole yale meupe yakawa maji, yakamteremka vidoleni, harufu ya nazi ikatuzunguka sote wawili.

"Nzito," alisema.

"Tuliichagua hivyo makusudi. Ifanane na yake ya kweli."

Aliigeuza, akaitazama. Nadhani hakuwahi kukitazama kitu cha namna ile kwa karibu maisha yake yote.

"Ile ya wale watu sikuiona sawa sawa," alisema. "Nlikuwa nyuma ya mama, nimeshika nguo yake. Miaka yote nikiifikiria nnaiona kubwa, imejaa mlango." Akaipima kiganjani. "Kumbe kitu chenyewe kidogo hivi."

Nilifuta kila kipande kwa fulana kuukuu, nikapita reli kwa mswaki wa Mzee Murad, nikatia tone langu moja la silikoni, nikafunga. Magazini nilimpa Bi Salma ayaweke mkononi mpaka zamu ifike, yasipoe. Akayashika kama mayai.

Nasra alipiga wa mwisho. Sitawasimulia kila kadi, maana nusu yenu mlikuwapo na mtanisahihisha. Vyuma vyote vilianguka, mkono haukutetemeka, na alipoonesha tupu Yahya alisema maneno mawili tu: "Wiki ijayo." Wiki iliyofuata alipiga bastola ya kweli, na picha ya timu iliyo juu ya kabati langu, samahani, kabati lenu, mnaiona kila siku.

Mswaki wa kijani nimewaachia kwenye droo ya juu. Usitupwe, hata mkiona umebaki nywele tatu. Kichupa kipya cha silikoni nilimpa Bi Salma mkononi, nikamuonesha tone moja ni kiasi gani. Akasema mimi ni bakhili.

Tulipokuwa tunaondoka siku ile, alilichukua sanduku yeye mwenyewe kutoka mezani kwangu. Nasra alikuwa na ile kanga begani, akaikunjua haraka haraka ili alifunike kabla ya kufika nyumbani.

"Wacha," mama yake alimwambia. "Ya leo itapita barazani na uso wake."